Vitamini C na E kwa wakimbiaji wa masafa marefu: zinatuliza uvimbe wa misuli au zinapunguza faida ya mazoezi?

Kocha wa Masafa ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu wote. Ninafundisha kikundi cha wakimbiaji wa nusu marathoni na marathoni, na wawili kati yao wanajiandaa kwa mbio zinazozidi marathoni. Wengi wao wana mazoea ya kumeza kila asubuhi miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na yuniti 400 za vitamini E. Wanaamini kwamba vidonge hivyo hutuliza uvimbe wa ndani, yaani inflamesheni, unaofuata mazoezi mazito, na kwamba kwa njia hiyo wanaweza kurudi mazoezini wakiwa na miguu mipesi. Hoja yao inasikika vizuri: mazoezi huzalisha radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoweza kudhuru seli, radikali huru huchochea uvimbe, kwa hiyo antioksidanti, yaani kitu kinachozizima, inapaswa kuwasaidia.

Hivi karibuni kocha mwenzangu alinieleza kwamba vidonge hivyo vinaweza kuzuia sehemu ya manufaa ambayo mwanariadha anayatafuta kwa jasho lake. Wakati huohuo, mmoja wa wakimbiaji wangu, dada ambaye baada ya kila mbio ndefu huteremka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja, alipimwa damu siku iliyofuata mazoezi ya kilomita 35. Majibu yalionyesha kwamba protini ya CRP, ambayo ni kipimo cha uvimbe mwilini, iko juu, na tangu siku hiyo ameongeza vidonge maradufu. Majibu hayohayo yanasema akiba yake ya madini ya chuma iko karibu na mpaka wa chini.

Naomba kuelimishwa: je, vitamini hizi zinapunguza kweli uvimbe unaotokana na mazoezi? Na kama zinaupunguza, je, hilo ni jambo la kutakiwa? Ningeshukuru kupata maelezo yanayotokana na tafiti zilizofanywa kwa binadamu, si maandishi ya kwenye chupa.

Mwanafiziolojia wa Michezo amejibu:

Kocha, ningependa kuanzia kwenye msuli wenyewe kabla ya kufika kwenye vidonge, kwa sababu hoja ya wanariadha wako inakwama katika hatua yake ya kwanza: wanauchukulia uvimbe unaofuata mazoezi kana kwamba ni ugonjwa.

Msuli unapofanya kazi kwa muda mrefu huachia ndani ya damu protini ndogo za kupeleka taarifa, ziitwazo saitokini, na inayojulikana zaidi kati ya hizo ni interleukini-6. Baada ya marathoni, kiwango chake kinaweza kupanda hadi kufikia takriban mara 100 ya kile cha mtu aliyepumzika. Anayeiona namba hiyo bila maelezo atadhani mkimbiaji amepata maambukizi makali. Hata hivyo, sehemu kubwa ya interleukini-6 hiyo hutoka katika nyuzi za misuli zinazojikunja, wala haitoki kwenye seli za kinga zinazopambana na vijidudu. Inachangia kulihimiza ini kuachia glukosi, inasaidia mafuta kuvunjwa yatumike kama nishati, kisha inaamsha interleukini-10 na vizuizi vingine ambavyo hutuliza uvimbe. Mwili, kwa hiyo, unapoingia katika zoezi refu huwa umeshaanza kuandaa na utaratibu wa kulimaliza salama. Watafiti wa Copenhagen, akiwamo Bente Klarlund Pedersen, ndio waliolieleza jambo hili kwa kina na kupendekeza kwamba msuli uhesabiwe miongoni mwa viungo vinavyotoa homoni.

Radikali huru nazo zina kazi. Zinapoongezeka kwa kiasi wakati wa mazoezi, seli ya msuli huzipokea kama agizo la kujenga mitokondria zaidi, yaani vijiumbo vya ndani ya seli vinavyozalisha nishati, na kuimarisha vimeng'enya vyake yenyewe vya kujikinga, kama vile superoksidi dismutasi. Mkimbiaji wa masafa marefu anaishi kwa mitokondria. Ukizima agizo kila siku kwa dozi kubwa ya antioksidanti, una sababu ya kuhofia kwamba ujenzi utapungua.

Hofu hiyo imepimwa. Mwaka 2008 watafiti wa Valencia, Hispania, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba gramu 1 ya vitamini C kwa siku, kwa muda wa wiki 8 za mazoezi, haikuwaongezea wanaume waliojitolea uwezo wa kutumia oksijeni. Na katika panya, vitamini hiyo ilipunguza dalili za kuundwa kwa mitokondria mpya na kudhoofisha ongezeko la ustahimilivu lililoletwa na mazoezi. Mwaka 2009 kundi la Michael Ristow, Ujerumani, liliwapa vijana wanaume dozi ileile wanayotumia wakimbiaji wako, miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E, huku wakifanya mazoezi kwa wiki 4. Waliomeza vidonge visivyo na kitu ndani yake waliongeza usikivu wa miili yao kwa insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu. Waliomeza vitamini hawakulipata ongezeko hilo, iwe walikuwa wazoefu wa mazoezi au wageni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapovuka mpaka wa ushahidi. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia vijana 54, wanawake kwa wanaume, kwa wiki 11 za mazoezi ya ustahimilivu. Waliotumia miligramu 1,000 za vitamini C na miligramu 235 za vitamini E hawakuonyesha ongezeko la protini fulani za mitokondria ambalo wenzao walilionyesha. Lakini uwezo wa juu wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa makundi yote mawili kwa kiasi kinachokaribiana, na jaribio la kukimbia nalo halikuwatenganisha. Utafiti mwingine wa Denmark, wa wiki 12, uliotumia miligramu 500 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E, haukuona tofauti yoyote ya maana kati ya makundi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba vidonge hivyo vitawafanya wakimbiaji wako wawe wazito barabarani. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani ya msuli kuna dalili za kuzibwa kwa baadhi ya taarifa, kwamba dalili hizo hazijajitokeza kwa uhakika katika muda wa kukimbia, na kwamba faida iliyoahidiwa haionekani pia. Mtu akiniwekea mezani hasara inayowezekana na faida isiyoonekana, najua pa kuelekea.

Kuhusu uvimbe wenyewe, majibu ya tafiti hayako sare. Mwaka 2004 kundi la Copenhagen lilionyesha kwamba vitamini C na E kwa siku 28 zilipunguza kutolewa kwa interleukini-6 kutoka katika msuli wa paja unaofanya zoezi la kunyoosha goti kwa saa 3. Mwaka huohuo, utafiti wa Marekani kuhusu wakimbiaji wa kilomita 50 waliotumia miligramu 1,000 za vitamini C na miligramu 300 za vitamini E kwa wiki kadhaa uliona kwamba vidonge vilizuia kuharibika kwa mafuta ya mwilini kwa oksidi, ila vipimo vya uvimbe vilipanda vilevile kama kwa wasiotumia. Tofauti hii inafundisha jambo: kuzima radikali huru si sawa na kuzima uvimbe, kwa sababu katika mbio ndefu uvimbe unachochewa na mambo mengine pia. Nyuzi za misuli zinachanika kwa mishtuko ya kuteremka vilima, akiba ya wanga inakwisha, joto la mwili linapanda na utumbo unakosa damu ya kutosha. Kidonge cha asubuhi hakigusi hata moja kati ya hayo.

Na kama shabaha ni yale maumivu ya mapaja yanayomteremsha dada yetu ngazi kinyumenyume, mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za afya kwa pamoja, yaliyokusanya majaribio 50 yenye washiriki 1,089, yalihitimisha kwamba virutubisho vya antioksidanti kwa dozi kubwa havipunguzi maumivu ya misuli baada ya mazoezi kwa kiasi ambacho mtu angekihisi kuwa na maana.

Mkimbiaji wa Milimani amejibu:

Nimesoma maelezo ya mtaalamu kwa makini na ninakubaliana nayo kuhusu misuli, ila naomba tusiitupe vitamini C yote kwa pamoja, kwa kuwa kuna ushahidi wa upande mwingine unaowahusu hasa watu wa mbio ndefu kupita kiasi.

Mwaka 1993 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa washiriki wa Comrades, mbio za takriban kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini. Wakimbiaji waliotumia miligramu 600 za vitamini C kila siku kwa wiki 3 kabla ya mbio walipata dalili za mafua na maumivu ya koo kwa asilimia 33 katika wiki 2 zilizofuata, ilhali kwa waliopewa vidonge visivyo na kitu ilikuwa asilimia 68. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013 yalikusanya majaribio 5 ya aina hiyo, yenye watu 598, miongoni mwao wakimbiaji wa marathoni, watelezaji wa theluji na askari waliokuwa katika mazoezi ya nchi za baridi kali, na yakakuta kwamba vitamini C ilipunguza hatari ya mafua kwa takriban nusu. Kwa watu wa kawaida, mapitio hayohayo hayakuona kinga yoyote ya namna hiyo.

Sisi tunaokimbia saa nyingi mfululizo tunajua kwamba wiki ya baada ya mbio ndiyo wiki ya kukohoa. Kwa hiyo namshauri kocha atenganishe maswali mawili: vitamini C kwa ajili ya kutuliza uvimbe, ambayo haina msingi imara, na vitamini C kwa muda mfupi kwa ajili ya kujikinga na mafua karibu na mbio kubwa, ambayo ina msingi kiasi.

Mwanafiziolojia wa Michezo ameongeza:

Nakubali, ndugu, na ninakushukuru kwa kuuleta ushahidi huo. Ningeongeza angalizo moja tu. Katika utafiti wa Comrades, mafua yalihesabiwa kwa dalili walizoziripoti wakimbiaji wenyewe, wala hayakuthibitishwa kwa kupima vijidudu, na koo linalowasha baada ya kupumua kwa kasi kwa saa nyingi katika vumbi na hewa kavu si lazima liwe na maambukizi. Hata hivyo, matokeo ya majaribio kadhaa yanaelekea upande mmoja, na matumizi ya wiki chache hayawezi kulinganishwa na mazoea ya mwaka mzima. Mpaka huo ulioweka, wa muda mfupi na kwa sababu inayotajwa wazi, ni mpaka mzuri.

Fundi wa Maabara amejibu:

Nitajikita katika majibu ya damu, kwa sababu ninavyoona, uamuzi wa kuongeza dozi umetokana na kipimo kilichochukuliwa wakati usiofaa.

CRP hutengenezwa na ini baada ya kupokea taarifa kutoka kwa interleukini-6, na ini halifanyi kazi hiyo papo kwa hapo. Baada ya marathoni, CRP huendelea kupanda na hufikia kilele takriban siku moja baadaye. Kimeng'enya cha kreatini kinasi, kinachovuja kutoka katika misuli iliyoumia, hufikia kilele kati ya siku ya 1 na ya 3. Aliyekimbia kilomita 35 jana akaingia maabara leo amechukuliwa damu palepale kileleni. Majibu yake si ya uongo, ila yanasema jambo ambalo tayari lilikuwa linajulikana: kwamba jana alikimbia sana. Kipimo cha kumwongoza kocha kinachukuliwa asubuhi, mwanariadha akiwa amekunywa maji ya kutosha, hana homa wala mafua, na amekaa siku 1 au 2 bila mazoezi mazito. Baada ya mbio ngumu sana ni vyema kungoja zaidi. CRP ikiwa juu hata hapo, basi kuna haja ya daktari kutafuta sababu, na sababu hiyo haitatibiwa kwa vitamini C.

Suala la madini ya chuma linanigusa zaidi, na ningemwomba kocha alipe uzito kuliko hayo mengine yote. Interleukini-6 ileile inayotoka msulini hulifanya ini litoe homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kufunga mlango wa chuma katika utumbo. Hepsidini hupanda na kufikia kilele kati ya saa 3 na saa 6 baada ya mazoezi mazito. Mkimbiaji anayemaliza mazoezi asubuhi, akameza kidonge chake cha chuma mchana, anakimeza wakati mlango umefungwa. Kiasi kikubwa kinabaki tumboni na kumletea kichefuchefu na choo kigumu, na mwezi unapita bila akiba kupanda. Ni vyema kidonge kimezwe asubuhi, kabla ya mazoezi au ndani ya nusu saa hivi baada ya kuyamaliza. Aidha, tafiti kwa wanawake wenye upungufu wa chuma zimeonyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka siku inayofuata huufanya mwili ufyonze sehemu kubwa zaidi ya kila dozi kuliko kumeza kila siku, kwa kuwa dozi yenyewe nayo huipandisha hepsidini.

Kuna mtego mwingine humo. Akiba ya chuma hupimwa kwa protini iitwayo feritini, na feritini nayo hupanda mwili unapokuwa na uvimbe. Damu ikichukuliwa siku ya baada ya mbio, feritini inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo. Kwa hiyo kama dada huyo alikuwa karibu na mpaka wa chini hata katika siku hiyo, inawezekana hali yake halisi iko chini zaidi. Wataalamu wengi wa michezo huanza kuwa na wasiwasi feritini ikishuka chini ya mikrogramu 35 kwa lita, hata kama damu bado haijapungua. Arudie kipimo akiwa amepumzika, pamoja na himoglobini, ndipo azungumze na daktari. Asianze kumeza chuma kwa kukisia, maana wapo watu ambao miili yao hurithi tabia ya kulimbikiza chuma, na kwao kidonge hicho ni madhara matupu.

Katika hili vitamini C ina kazi yake isiyo na ubishi: ikiwa pamoja na chuma katika mlo au kidonge, inausaidia utumbo kukifyonza chuma kinachotokana na mimea. Kwa kazi hiyo hazihitajiki miligramu 1,000. Kiasi kinachopatikana katika tunda moja au mawili kinatosha.

Kocha wa Masafa ameuliza tena:

Nawashukuru sana, wataalamu. Sikuwa nimelifikiria kabisa suala la hepsidini, na sasa ninaelewa kwa nini baadhi ya wanariadha wangu humeza chuma miezi mingi bila mabadiliko. Nitamwomba dada huyo arudie kipimo baada ya mapumziko, na nitakaa naye tuzungumze kuhusu dozi aliyojiongezea.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza: wale wawili wa mbio zinazozidi marathoni wananiambia kwamba katika wiki ya mbio hawatafuti tena kujenga mitokondria, wanatafuta kufika na kupona, je, katika kipindi hicho vitamini E na C zinaweza kuwa na nafasi? La pili: nitajuaje kama mwanariadha ana upungufu wa vitamini unaohitaji kidonge kwa kweli?

Mwanafiziolojia wa Michezo amejibu:

Wanariadha wako wana hoja nzuri kimantiki. Kipindi cha kujenga na kipindi cha kushindana vina mahitaji tofauti, na jambo linalodhuru katika kimoja linaweza kufaa katika kingine. Lakini hata hapo vitamini E kwa dozi kubwa haijajitetea. Mwaka 2004 kundi la mtafiti David Nieman lilichapisha matokeo ya wanariadha wa mashindano ya dunia ya triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) ya Kona, Hawaii, waliotumia yuniti 800 za vitamini E kila siku kwa miezi 2. Baada ya mashindano, waliotumia vitamini ndio walioonyesha uharibifu mkubwa zaidi wa mafuta kwa oksidi na vipimo vya juu zaidi vya uvimbe kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu. Antioksidanti ikizidi inaweza kugeuka na kuchochea kilekile ilichotarajiwa kukizuia. Kwa hiyo vitamini E naiondoa mezani katika vipindi vyote viwili. Vitamini C, kwa sababu ya mafua aliyoyataja ndugu yetu wa milimani na kwa kiasi kisichofikia gramu nzima, sina ugomvi nayo katika wiki za mwisho kabla ya mbio.

Kinachopunguza uvimbe wakati wa mbio zenyewe, na ambacho kina ushahidi wa muda mrefu, ni wanga. Msuli ulioishiwa glukojeni, yaani akiba yake ya wanga, huachia interleukini-6 kwa wingi zaidi, na mkimbiaji anayetumia gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa anapunguza ongezeko hilo pamoja na lile la homoni ya kortisoli. Kwa mbio zinazozidi saa 2 na nusu, wanaovumilia hufika hata gramu 90 kwa saa, mradi wanga hiyo ichanganye glukosi na fruktosi na utumbo uwe umezoeshwa mapema mazoezini. Ningependa kuona wanariadha hao wawili wakitumia jitihada zao kwenye jambo hili: wachague mazoezi marefu ya kujaribia, waandike walichokula na saa waliyokula, na wasisubiri siku ya mbio kugundua kwamba tumbo limekataa.

Juisi ya cheri chungu nayo imechunguzwa. Katika utafiti wa mwaka 2010 uliohusu wakimbiaji 20 wa marathoni ya London, walioinywa kwa siku 5 kabla ya mbio, siku yenyewe na siku 2 baadaye, walirudisha nguvu za misuli mapema kuliko wenzao, na vipimo vyao vya uvimbe vilikuwa chini. Kundi ni dogo, lakini ni mfano wa kitu cha kutumiwa kwa siku chache karibu na mbio, wala si kwa msimu mzima wa mazoezi.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo kwa kuwa wengi wanaoacha vitamini hukimbilia hapo: ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, isiwe mbadala. Nieman na wenzake waliwafuatilia wakimbiaji wa Western States, mbio za kilomita 160 huko Marekani, na walikuta kwamba waliotumia ibuprofeni hawakuwa na maumivu pungufu wala misuli iliyoumia kidogo, ilhali sumu za bakteria kutoka utumboni na vipimo vya uvimbe katika damu yao vilikuwa juu zaidi. Figo za mtu aliyepungukiwa maji hazihitaji mzigo huo.

Mfamasia amejibu:

Nijibu swali la pili la kocha, kisha niseme machache kuhusu chupa.

Upungufu hautambuliwi kwa uchovu peke yake, kwa sababu kila mkimbiaji wa marathoni huchoka. Unaanza kwa kuangalia mlo. Anayekula kidogo kuliko anachotumia, anayeacha makundi mazima ya vyakula, anayepunguza uzito kwa haraka, au msichana aliyekosa hedhi, hao wote wanahitaji uchunguzi wa lishe na wa daktari kabla ya kidonge chochote. Vitamini D hupimwa kwa damu, na kiwango kilicho chini ya nanomoli 50 kwa lita huhesabiwa na wengi kuwa upungufu. Hutokea zaidi kwa wanaofanya mazoezi ndani ya majengo au wanaoishi mahali penye majira marefu yasiyo na jua. Aliyepungukiwa atibiwe hadi kiwango kirudi kawaida. Asiyepungukiwa hana cha kutafuta huko, na matumizi ya kila siku bila usimamizi yasivuke yuniti 4,000, kwani vitamini hiyo hubaki katika mafuta ya mwili na ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu. Anayekula bila kutumia kitu chochote kinachotokana na wanyama anahitaji vitamini B12 ya ziada, na hilo halina mjadala.

Kwa vitamini C, mwanamume mzima anahitaji takriban miligramu 90 kwa siku na mwanamke 75, na kikomo cha juu kilichowekwa nchini Marekani ni miligramu 2,000. Dada aliyeongeza maradufu ameshafika kwenye kikomo hicho. Sehemu kubwa ya ziada hiyo itatoka kwa mkojo, nyingine itamletea kuharisha, na kwa baadhi ya watu dozi kubwa huongeza oksaleti, ambayo ni malighafi ya mawe ya figo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha matumizi ya vidonge hivyo na ongezeko la takriban maradufu la hatari ya mawe hayo kwa wanaume. Kuhusu vitamini E, mahitaji ya siku ni miligramu 15 tu, na yuniti 400 za ile ya asili ni miligramu 268. Jaribio kubwa la Marekani lililoitwa SELECT liliripoti mwaka 2011 kwamba wanaume waliopewa yuniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na kitu. Hao hawakuwa wanariadha na walikuwa na umri mkubwa, lakini dozi ni ileile inayomezwa kila asubuhi katika kikundi cha kocha.

Waombe wanariadha walete chupa zao zote kwa siku moja, ikiwamo unga wa kuchanganya na maji, vidonge vinavyotoa povu na vile vya vitamini mchanganyiko. Soma lebo moja baada ya nyingine na ujumlishe. Mara nyingi vitamini ileile imo katika bidhaa tatu, na jumla inamshangaza hata mwenye chupa. Angalia hasa vitamini B6, ambayo ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva na kuleta ganzi ya vidole, dalili ambayo mkimbiaji ataihusisha na viatu.

Kisha kuna hatari ambayo haiandikwi kwenye lebo. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilipima virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13 miaka ya 2000 na 2001, na 94 kati yake, yaani takriban asilimia 15, vilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa. Kwa mujibu wa kanuni za WADA, shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli, mwanariadha anawajibika kwa chochote kinachopatikana mwilini mwake, awe alikijua au hakukijua. Kama kidonge kimeonekana kuwa cha lazima, kichaguliwe kilichopimwa kwa kila toleo na mpango kama Informed Sport au NSF Certified for Sport, namba ya toleo iandikwe, na vidonge vichache vibakizwe ndani ya chupa yake hadi msimu uishe.

Na mwanariadha yeyote anayeshawishiwa kutundikiwa dripu ya vitamini baada ya mbio aelezwe kwamba kuingiza kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 kumepigwa marufuku na WADA hata kama kilichomo ni vitamini na maji ya chumvi tu, isipokuwa katika matibabu halali ya hospitali, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu, au kwa kibali maalumu cha matibabu. Chupa ya kawaida ya dripu ina mililita 500.